Mguu wa lami hauchezi porini

Kuna kocha wa aina fulani ambaye kila mpenzi wa soka la Bongo anamjua. Anatua na mfumo wake kwenye laptopu. Kipa aanze kwa pasi fupi, mabeki wa kati wafunguke, kiungo apokee akiwa ameshageuka. Mechi mbili za kwanza kwenye nyasi zilizonyooka tunapiga makofi, tunasema mpira ndiyo huu. Mechi ya tatu timu inakwenda mkoani, mvua imenyesha, uwanja una mabonde. Pasi ya kwanza inadunda, inamkimbia beki, straika wa wenyeji anasema asante.

Mfumo ule si mbovu. Ulichorwa kwa ajili ya uwanja mwingine. Kosa ni la aliyeuhamisha bila kuuliza chini kuna nini.

Leo nazungumza jambo hilohilo, ila kwenye chuma. Najua ukurasa huu umeufungua kutafuta habari za usajili na nani anaumwa nyama za paja. Nivumilie kidogo, maana huku nako kuna vijana wanaocheza, na wakikosea wao hawafungwi bao. Wanapinduka.

Nazungumzia bagi. Yale magari mepesi ya porini, fremu ya mabomba, hayana milango wala vioo, matairi makubwa, viti viwili. Ukitaka kununua jipya kutoka nje andaa fedha ambayo mtu wa kawaida haigusi. Kwa hiyo vijana wetu wanachonga wenyewe. Injini ya gari lililokufa, giaboksi ya kwake huyohuyo, mabomba na mashine ya kuchomelea. Mimi nawapigia saluti. Hii ndiyo chandimu ya mbio za magari. Kama ambavyo hakuna mchezaji aliyeanza na viatu vya bei mbaya kwenye uwanja wa nyasi, basi hata dereva aanzie kwenye makaratasi na kamba.

Shida inaanzia kwenye miguu. Kitaalamu wanaita saspensheni, gereji wanasema miguu: mikono inayoshika tairi, bushi, boljointi, springi na shokapu. Vijana wengi hawana mchoro wa miguu ya bagi. Kinachopatikana kirahisi ni michoro ya magari madogo ya Uingereza ya kujiunganishia nyumbani. Wanachukua ule mchoro, wanauchomelea kwenye bagi, wanaenda nao kwenye makorongo.

Tuyajue kwanza hayo magari. Mwaka 1957 Colin Chapman wa kampuni ya Lotus alitoa gari linaloitwa Seven. Dogo, jepesi, uzito wake ni kama kilo 500, na mteja aliweza kulinunua likiwa vipande akaliunganisha mwenyewe. Mwaka 1973 Lotus waliuza haki za gari hilo kwa Caterham, na hadi leo linaundwa. Kisha mwaka 1996 Ron Champion akaandika kitabu kilichowafundisha watu kujenga gari la mtindo huo kwa pauni 250 tu, kwa kutumia injini, giaboksi na ekseli ya nyuma ya Ford Escort kuukuu. Magari hayo yakapewa jina la Locost. Watu wengi duniani wamejifunza kuchora na kuchomelea fremu kupitia kitabu hicho.

Ni kazi nzuri mno. Lakini ni kazi ya lami. Gari linakaa chini karibu liguse barabara, mikono ya mbele ni mifupi, tairi linapanda na kushuka sentimita chache, springi ni ngumu. Kila kitu kimepangwa ili gari likate kona bila kulala. Kwenye barabara laini hiyo ni raha. Kwenye korongo ni adhabu.

Mwezi uliopita nilikaa saa tatu nzima na vijana wanne kwenye gereji moja ya uswahilini. Fremu yao ilikuwa imesimama vizuri, kuchomelea kwao kusafi. Ukutani walikuwa wamebandika mchoro wa miguu ya mbele ya gari la aina hiyo. Nikauliza kama wameubadilisha. Mmoja akanijibu kwa kujiamini, "Bro, wazungu wameshapiga hesabu. Sisi kazi yetu ni kuchomelea tu."

Hesabu wamepiga, kweli. Za lami.

Kitu kimoja walikuwa wamekibadilisha. Walitaka bagi iwe pana na tairi lipande juu zaidi, wakarefusha mikono kwa nusu yake. Wazo zuri. Ila shokapu na springi wakaziacha palepale zilipokuwa kwenye mchoro. Walipoitoa bagi kwenye jeki, pua ikaenda chini, ikakaa kama ng'ombe aliyepiga magoti. Wakaanza kulaumu springi, kwamba ni ya mtumba imechoka. Tayari kuna aliyeshika simu kutafuta ngumu zaidi.

Fundi mmoja mtu mzima, mwenye gereji ya jirani, akawaambia waache simu. Akamwita mdogo wao mlangoni. "Mwanangu, sukuma mlango kwenye kitasa. Haya, sasa sukuma hapa karibu na bawaba." Dogo akasukuma, akatabasamu. Hilo ndilo somo lote.

Tuliweke kwenye namba, maana namba hazina ushabiki. Tuseme mkono una sentimita 30 kutoka kwenye bushi hadi kwenye boljointi, na springi imefungwa sentimita 20 kutoka kwenye bushi. Springi yenyewe inataka kilo 45 ili ibonyee sentimita 1. Tairi halizioni hizo kilo 45. Springi iko kwenye theluthi mbili za mkono, kwa hiyo nguvu yake ikifika kwenye tairi inapungua hadi theluthi mbili, na wakati huohuo tairi linatembea zaidi kuliko springi. Unazidisha theluthi mbili mara mbili. Kilichobaki kwenye tairi ni kilo 20 kwa kila sentimita.

Sasa refusha mkono ufike sentimita 45, springi iache palepale. Piga hesabu ileile. Tairi linabaki na chini ya kilo 9. Mkono umeongezeka kwa nusu, lakini ugumu umepotea zaidi ya nusu. Kama kila tairi linabeba kilo 150, mwanzo gari lingekaa chini sentimita 7 na nusu likiwa limesimama. Sasa linakaa karibu sentimita 17. Safari yote ya mguu imeliwa kabla dereva hajawasha injini.

Ukinunua springi ngumu, bagi itanyanyuka, na utadhani umeshinda. Hujashinda. Shokapu bado iko karibu na bawaba, inabeba mzigo mkubwa kwa mwendo mdogo, na mkono unapindwa katikati kila unapotua. Dawa ni kusogeza kishikio cha shokapu nje. Mkono wa sentimita 45, shokapu iwekwe kwenye sentimita 30. Theluthi mbili inarudi, kilo 20 zinarudi. Ila sasa ukitaka tairi lisafiri sentimita 25 kutoka chini hadi juu, shokapu yenyewe lazima iwe na safari ya karibu sentimita 17. Ya kigari cha lami haina hiyo. Unatafuta ndefu, na kishikio chake cha juu kinahama pia. Umegusa kitu kimoja, vinne vimesogea. Kama ukimtoa kiungo mkabaji: ni lazima upange upya timu yote.

Kwa nini tunahangaika na hizo sentimita 25? Kwa sababu ya kutua. Bagi ikidondoka kutoka nusu mita, mguu wenye safari ya sentimita 10 unapaswa kuizuia ndani ya sentimita 10. Kwa wastani nguvu inayopita pale ni mara sita ya uzito wa gari. Ukiwa na sentimita 25, inashuka hadi mara tatu. Bagi ileile, dereva yuleyule, korongo lilelile. Tofauti ni kama kishikio kitapasuka au hakitapasuka, na kama mgongo wa kijana utapona au hautapona.

Twende kwenye usukani, ambako ndiko naogopa zaidi. Kwenye mchoro mzuri, tairodi imewekwa ili ipande na kushuka ikifuata mikono. Urefu wake na pointi zake vinaendana na vya mikono. Ukirefusha mikono sentimita 15 na tairodi nayo ni lazima irefuke sentimita 15, na pointi yake ya ndani ibaki kwenye mstari wa bushi za ndani. Ukiileta tairodi ya urefu mwingine kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani, kila tairi likipanda kwenye tuta linajikata lenyewe kushoto au kulia. Kwenye lami ambako tairi linapanda sentimita 3 huenda usisikie. Kwenye sentimita 25 dereva ananyang'anywa usukani.

Kulipima hilo hakuhitaji kompyuta. Toa springi, weka gari kwenye stendi, funga ubao ulionyooka kwenye habu, kisha nyanyua mguu kwa jeki kutoka chini kabisa hadi juu kabisa huku ukipima umbali wa ncha mbili za ubao kutoka kwenye kamba iliyonyooka. Umbali ukianza kutofautiana, rekebisha kabla hujachomelea moja kwa moja. Ukiwa hapohapo angalia boljointi. Za gari la saluni hazikuundwa kuinama kiasi hicho. Ikifika mwisho wa kuinama kabla shokapu haijafika mwisho, basi boljointi ndiyo imegeuka kizuizi, na siku moja shingo yake itakatika. Weka mkanda imara wa kuzuia mguu usishuke kupita kiasi, na juu weka mpira wa kuzuia ili chuma kisigonge chuma.

Halafu kuna urefu. Kila mtu anataka bagi ndefu, inapendeza kwenye picha. Chukua upana kati ya tairi la kushoto na la kulia, gawanya kwa mbili, kisha gawanya kwa urefu wa kitovu cha uzito kutoka chini. Kigari cha lami chenye upana wa sentimita 130 na kitovu cha sentimita 45 kinapata 1.44. Kinyanyue sentimita 15 tu, inashuka hadi 1.08. Hapo tairi likizama kwenye mchanga wakati gari linateleza kwa ubavu, limepinduka. Ukiongeza upana hadi sentimita 160 inarudi 1.33. Ndiyo maana nilisema wazo la vijana wale la kurefusha mikono lilikuwa zuri. Hilo ni bora mara kumi kuliko wale wanaopanua kwa kuweka spesa nene kwenye habu na kuziachia beringi mateso.

Sasa kuna watakaosema, mwandishi, unatutisha bure, mbona watu wamenakili na wamefanikiwa. Ni kweli wamefanikiwa. Tazama walivyonakili.

Bruce Meyers wa California alitengeneza bagi yake ya kwanza ya Meyers Manx mwaka 1964. Vitu vingi alivichukua kwenye Volkswagen Beetle, gari la familia. Lakini hakuchukua kila kitu kikiwa vilevile. Alitupa bodi nzito ya chuma akaweka ya faiba. Bagi zake zilizofuata zilikatwa sakafu ya Beetle ikafupishwa kwa zaidi ya sentimita 30, na matairi makubwa yakafungwa nyuma, mahali injini ilipo. Miguu ya mbele ya Beetle aliibakiza kwa sababu iliendana na kazi: mikono yake inaelekea nyuma, tairi likigonga tuta linapanda badala ya kubishana nalo. Mwaka 1967, kwenye mbio za kwanza za jangwa la Baja kule Mexico, Vic Wilson na Ted Mangels walishinda wakiwa na Manx kwa saa 27 na dakika 38. Huyo alinakili kwa akili. Alijua kipi kinafaa porini na kipi kinabaki mjini.

Na usidhani kwamba wenye fedha wamelimaliza tatizo hili. Safari Rally ya Kenya iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya miaka 19, Thierry Neuville wa Hyundai aliamka Jumapili akiwa anaongoza. Shokapu ya nyuma ikamfia kwenye hatua ya kwanza ya siku hiyo, akaegesha, Sébastien Ogier akabeba kombe. Hiyo ni timu ya kiwanda, ina wahandisi na maabara, na bado vumbi na mawe ya Naivasha yaliwapiga bao dakika za majeruhi. Sasa wewe unakwenda kule na mguu wa barabara ya Uingereza?

Hapohapo Kenya kuna Rhino Charge, tangu 1989. Ile haishindaniwi kwa kasi. Unapewa vituo 13 na saa 10, mshindi ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake. Huko magari yanapanda mawe polepole, kwa hiyo mguu unatakiwa uning'inie, tairi moja liwe juu na jingine chini bila gari kukakamaa. Bagi ya kuruka mchangani kwa kasi inataka kitu kingine, shokapu yenye mafuta ya kutosha isichemke ikaishiwa nguvu. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea ni hili: tunacheza mechi gani? Vijana wengi niliowauliza wanajibu "popote". Hakuna timu inayopangwa kwa ajili ya popote.

Najua kundi jingine litakalonijia juu. Wale wakubwa wanaosema vijana waache kuchezea chuma, wanunue gari lililopita kiwandani au wakae nyumbani. Hapana. Huyo Colin Chapman mwenyewe alianza mwaka 1948 kwa kuchonga Austin Seven kuukuu kwenye gereji, na timu yake ya Lotus ikaja kutwaa ubingwa wa timu wa Formula One mara saba. Tukiwafungia vijana mageti ya gereji hatutapata madereva wala mafundi, tutabaki na watoto wa matajiri wanaopokezana vikombe.

Ninachotaka ni tofauti. Michezo yetu yote ina mtu wa kukagua. Hata ndondo ya mtaani refa anapita na kuangalia nani kavaa saa, nani kavaa pete. Bagi ya kujichongea inaingia porini bila mtu yeyote kuigusa. Chama kinachosimamia mbio za magari kiandae siku ya ukaguzi wa wazi, angalau mara mbili kwa mwaka, bure, bila kutishia mtu faini. Walimu wa VETA walete wanafunzi wao wa magari na wa kuchomelea, wapime safari ya mguu, wakague vishikio, mkanda wa kiti na mabomba ya juu ya kichwa. Bagi ikifaulu ipewe stika. Ikifeli, kijana aelezwe kwa nini, aende akarekebishe, arudi.

Na nyie wachongaji, msisubiri chama. Kishikio cha mkono kishike boliti pande mbili, kisiwe sikio moja linaloning'inia. Kichomelewe pale mabomba yanapokutana, si katikati ya bomba tupu ambapo kitalikunja. Kila mkirudi kutoka porini osheni bagi, mulikeni tochi kwenye kila weldi. Ufa huanza kama unywele.

Wale vijana wanne walipoisikia hesabu ya mlango, hawakubishana. Mchoro waliuacha ukutani, ila wameanza kuuandika juu kwa kalamu nyekundu: mkono 45, shokapu 30, tairodi ongeza 15. Gharama kubwa iliyobaki ni shokapu ndefu, na hapo ndipo wamekwama kwa sasa. Wanataka kwenda porini mwishoni mwa mwaka. Niliwashauri kwamba kama shokapu hazijapatikana, waahirishe. Mmoja alinuna. Afadhali anune.

Sisi mashabiki nasi tuna kazi. Video ya bagi ikiruka tuta tunaisambaza dakika hiyohiyo, tunaandika "wanaume kazini". Mara moja moja uliza swali la shabiki anayejua mpira: ikitua, inatua kwenye sentimita ngapi?